Kila Mtu Mjini Kwao

Maneno niliyoyasema jioni ya Jumapili ya Majilio, mbele ya wanajumuiya wetu hapa Dar es Salaam. Vijana wa kwaya wameniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Nimesalimu mara mbili kwa makusudi, maana nawaona Walutheri wenzangu na nawaona ndugu zetu Wakatoliki wa mtaa huu. Na majirani zetu Waislamu mliokubali kukaa nasi jioni ya leo, asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni.

Mchungaji aliponipigia simu aliniomba nizungumzie Krismasi ya dunia na Krismasi ya kanisa. Nilijua anachokitarajia. Kila Desemba tunakemewa, na sisi wenyewe tunakemeana, kwamba kuzaliwa kwa Bwana kumegeuzwa kuwa nguo mpya, pilau, bia na safari. Kukemewa huko kuna haki yake. Nimeona baba akiwanywea watoto ada ya Januari kwa siku tatu. Nimeona watoto wakilala nje ya baa wakisubiri wazazi wamalize sikukuu. Anayenyamazia hayo hawapendi watu.

Lakini nilipokaa kuandika, kalamu haikwenda upande huo. Krismasi niliyoifahamu kwanza, kabla sijajua kusoma Injili ya Luka, ilikuwa gauni.

Ilikuwa mwaka 1982. Wenye umri wangu mnaikumbuka miaka ile: vita vya Kagera vimekwisha, madukani hamna kitu, sabuni kwa foleni, kitambaa kwa mgawo. Baba alipata jora dogo la kitambaa cha kijani, sijui kwa njia gani. Fundi aliyekuwa na cherehani barazani pale sokoni akatushonea wasichana wanne wa nyumba ile magauni manne yanayofanana. La kwangu alilikunja pindo pana kama kiganja, ili mwaka utakaofuata lishushwe. Na asubuhi ya siku yenyewe nyumba ilinuka wali. Nyumba ya Mchagga hula ndizi Jumatatu mpaka Jumapili, kwa hiyo harufu ya wali ndiyo iliyotuambia kwamba leo si siku kama nyingine. Tulitembea kwenda kanisani kwa uangalifu, tumeshika viatu mkononi tusivichafue. Mwinjilisti akasoma kwamba Maria alimzaa mwanawe, kifungua mimba, akamvika nguo za kitoto. Nikamnong'oneza dada yangu: "Kumbe na yeye walimvalisha nguo yake." Sikuwa na utani. Ndilo jambo la kwanza nililowahi kulielewa kuhusu Yesu, na nililielewa kwa sababu nilikuwa nimevaa gauni jipya.

Ndiyo maana siwezi kusimama hapa nikawaambia nguo ya Krismasi ni adui wa imani.

Najua wapo Wakristo wenzetu wasioiadhimisha siku hii kabisa, na hoja zao si za kijinga. Biblia haitaji tarehe. Ushahidi wa zamani zaidi tulionao wa kanisa kuishika tarehe 25 Desemba unatoka Roma, mwaka 336. Wengine husema ilichukuliwa kutoka sikukuu ya jua ya Warumi. Wengine husema Wakristo wa kale walihesabu miezi tisa tangu 25 Machi, siku waliyoamini malaika alimpasha Maria habari. Wasomi bado wanabishana, nami nawaachia.

Wapo waliojaribu kuifuta kwa sheria. Wapuritani wa Massachusetts, kule Marekani, mwaka 1659 walipitisha kwamba mtu atakayeonekana akiadhimisha Krismasi, kwa kuacha kazi au kwa kufanya karamu, atozwe faini ya shilingi tano. Sheria hiyo ilidumu mpaka 1681. Hawakuwa wapagani wale. Walikuwa watu wa sala waliotaka imani isiyochanganywa na kitu. Nawaheshimu. Lakini ukiisafisha sikukuu mpaka isibaki hata harufu ya chakula, mtoto ataingilia mlango gani?

Haya, tuje kwenye mti na yule mzee wa koti jekundu, maana najua vijana wanasubiri nitasemaje.

Yule mzee alikuwa mtu kweli. Nikolao, askofu wa Mira, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Uturuki, karne ya nne. Kanisa humkumbuka tarehe 6 Desemba. Masimulizi ya kale yanasema baba mmoja aliyefilisika alikosa mahari ya binti zake watatu, na kwa desturi ya kwao binti asiye na mahari haolewi, huishia pabaya. Nikolao akaenda usiku, akatupa dhahabu dirishani, akaondoka asijulikane. Waholanzi wakalibeba jina lake mpaka New York, wachoraji na wafanyabiashara wakamnenepesha na kumvika manyoya, na leo amesimama penye lango la maduka yetu, kwenye joto la Desemba la Dar, kijana wa watu anatiririka jasho ndani ya koti la baridi. Mimi sina ugomvi na koti. Kinachoniuma ni kwamba tumechukua koti tukaacha usiku. Nikolao alitoa gizani ili wale mabinti wasiaibike. Siku hizi tunapeleka mchele kituo cha yatima, tunawapanga watoto mstari mbele ya viroba, tunawapiga picha, na kabla hatujafika nyumbani picha ziko kwenye makundi yote ya WhatsApp. Yule mtoto ana sura, ana wenzake shuleni. Nawasihi sana, mwaka huu pelekeni mchele, simu ziacheni kwenye gari.

Mti nao ulitoka Ujerumani, ukasambaa. Kwetu mlimani uliletwa na wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 pamoja na waliowafuata, na sisi tukaufanya wa kwetu: huku pwani matawi ya mvinje, kule juu matawi ya misonobari, na pamba ikamwagwa juu yake iwe theluji. Mtoto wa Uchagani akitoka nje asubuhi isiyo na mawingu anaiona theluji yenyewe pale Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ile ile ambayo mmisionari Mjerumani Rebmann aliiona mwaka 1848 akaandika kwao, na mabingwa wa Ulaya wakakataa kumwamini.

Ila upo mti mwingine ninaoupenda kuliko huo. Mkitoka hapa mtazame pale getini. Ule mti wenye kivuli kipana, ambao sasa hivi majani hayaonekani kwa maua mekundu, asili yake ni Madagaska. Kiswahili kimeuita mkrismasi. Hakuna askofu aliyeutangaza. Watu waliona tu kwamba kila mwaka, siku hizi zinapokaribia, joto likiwa halivumiliki, mti huu unawaka, wakaupa jina la sikukuu. Waislamu wanauita hivyo hivyo. Wauza vocha na machungwa wanakaa chini yake. Asubuhi mfagiaji anazoa maua ndoo nzima, kesho yake yamejaa tena. Nikiuona, nafurahi kwamba jina la siku ya Bwana wangu limo midomoni mwa watu ambao hata hawasali nami.

Sasa niseme lile lililonileta.

Desturi yetu kubwa kuliko zote, sisi wa mlimani, si mti wala mzee wa zawadi. Ni safari. Kuanzia tarehe 18 hivi, stendi ya Mbezi haipitiki. Mabasi ya ziada, nauli juu, mizigo ya mchele na mafuta ya kula, watoto wamebebwa mapajani. Treni ya Moshi iliporudi Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya kukosekana, watu walishangilia kwenye vituo kama wanapokea mgeni wa taifa. Kilomita kama 550, Chalinze, Segera, supu ya Mombo, halafu milima ya Upare inakufuata mkono wa kulia mpaka mlima wenyewe utokeze. Watani zetu wanasema Mchagga ana dini mbili, kanisa na Desemba. Wahubiri wengine huiita safari hii ushamba, majivuno ya magari, upotevu wa fedha.

Lakini fungueni Luka sura ya pili, mstari wa tatu. "Watu wote wakaenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao." Yusufu alikuwa anafanya tunachofanya sisi. Alikuwa anarudi kwao, Bethlehemu, kwa sababu ukoo wake ulikuwa wa Daudi. Barabara zilijaa. Mke alikuwa na mimba kubwa. Ukiwa ndani ya basi pale Mombo, unatafuta pa kuweka miguu, Injili inakuhusu.

Na ndipo inaponibidi niseme habari yangu.

Desemba ya mwaka 2009 tulikuwa wote nyumbani, ndugu na wake zao na waume zao na watoto. Baba alikuwa ameshalala, kaburi lake liko kihambani, shamba letu la ukoo, nyuma ya nyumba, kati ya migomba na kahawa. Mimi ndiye binti mkubwa, funguo zilikuwa kiunoni mwangu. Tarehe 24 jioni, mbuzi wa ndafu, yule wa kuchomwa mzima, kafungwa kwenye mparachichi, mbege, pombe yetu ya ndizi, inachujwa, watoto wanapuliza maputo, akaja mama mmoja kwa njia ya migombani. Amemshika mkono msichana wa miaka tisa mwenye begi la shule mgongoni. Nilimfahamu. Yule msichana ni damu ya mdogo wangu wa kiume aliyefariki miaka miwili kabla ya siku hiyo. Mama hakuwa ameolewa. Mahari haikupelekwa, mbele ya ukoo hakuna kilichofanyika. Alikuwa amesikia kwamba kikao cha ukoo ni tarehe 26, akataka mtoto aonekane, ajulikane, jina lake liandikwe pamoja na wajukuu wengine.

Yule mtoto akapiga goti. "Shikamoo shangazi." Nikamwitikia, "Marahaba." Nikawapa chai na mkate. Nikaangalia huku na huku, nikawaona wakubwa wangu wawili wananitazama wakiwa ukumbini, na nilijua wanachotaka niseme. Nikasema: "Mama, mwaka huu nyumba imejaa kweli."

Hakubishana. Alisema, "Haya dada. Asante kwa chai." Wakarudi kwa njia ile ile kabla giza halijaingia. Yule mtoto aligeuka mara moja kumtazama yule mbuzi. Baadaye niliambiwa walilala jikoni kwa jirani, kule bondeni.

Asubuhi nilikaa benchi la mbele, nimevaa kitenge kipya, nikaimba sauti ya pili. Tukarudi, wageni wakawa wanadai soda, nikaenda kufungua chumba kidogo cha uani. Kreti tisa. Nilipovuta la tatu niliona kilichokuwa chini yake: kitanda cha futi tatu na nusu, na godoro lake. Kile chumba kilikuwa cha kulala tangu baba alipokijenga. Sisi ndio tuliolaza soda kitandani.

Ndugu zangu, siku ile hapakuwa na mlevi mlangoni. Hapakuwa na Baba Krismasi aliyewazuia wale wawili, wala biashara, wala mti wa plastiki. Mlangoni nilisimama mimi, mwalimu wa shule ya Jumapili, na ibada ya mkesha nilikuwa nimeshajiandaa kwenda.

Miaka kadhaa baadaye, kwenye semina ya Biblia, mchungaji mmoja msomi alitueleza neno ambalo limenikalia moyoni tangu siku ile. Biblia yetu inasema hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, nasi tunawaza gesti, mwenye gesti mkali anawafukuza. Lakini Luka ana maneno mawili. Yule Msamaria mwema alipompeleka majeruhi mahali pa kulipia, Kigiriki kinasema pandokheion, na hiyo ndiyo gesti. Hapa kwa Maria anatumia neno jingine, kataluma, na neno hilo hilo analirudia katika sura ya 22 kwa chumba ambacho Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake, chumba cha wageni ndani ya nyumba ya mtu. Wapo wasomi wengi wanaosoma kwamba Yusufu, akiwa mjini kwao, alifikia kwa watu, pengine kwa ndugu zake mwenyewe, na chumba cha wageni kilikuwa kimejaa. Mtoto akalazwa kwenye hori, mahali pa mifugo.

Nilitoka semina nikakaa kwenye gari muda mrefu. Nilikuwa nimezoea kumchukia mwenye gesti. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba aliyesema nyumba imejaa pengine alikuwa shangazi.

Kwa hiyo ninapoulizwa kuhusu desturi za dunia na maana ya dini, mimi sioni vitu viwili. Wali, ndafu, safari, nyumba iliyopakwa rangi Desemba, hivyo vyote ni nyumba. Bwana hakuzaliwa pembeni ya mambo ya watu. Alizaliwa katikati ya msongamano wa watu waliorudi kwao kwa amri ya Kaisari, amri isiyo ya dini hata kidogo. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi kwetu mlimani tangu 1902 mpaka 1938, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na urika, yaani umoja wa watu wa rika moja, ni vifungo alivyoviumba Mungu, na kanisa lijengwe juu yake, lisivivunje. Wenzake wengi hawakukubaliana naye. Mimi nakubaliana naye, ila namwongezea kwamba ukoo unao mlango, na mlangoni pana mtu mwenye funguo.

Naomba mnivumilie niseme na nyinyi mnaosafiri wiki ijayo. Dada wa kazi anayebaki Dar kulinda nyumba yako, kwao ni wapi? Ana nauli? Mara ya mwisho kula sikukuu na mama yake ilikuwa mwaka gani? Tunampandisha mtoto wetu basi, tunamwachia yule binti wa miaka kumi na tisa kuku mmoja na rimoti ya televisheni, tunaona tumemfanyia wema. Mpeni ruhusa aende kwao kabla yenu au baada yenu, na nauli ya kwenda na kurudi. Na kwenye vikao vyenu vya tarehe 26, siku ya Stefano shahidi, ambayo sisi tunaiita kufungua zawadi, muulizane kama yupo mtoto wa ukoo ambaye jina lake halijaandikwa. Mnamjua. Kila ukoo unamjua wa kwake.

Mimi nilimtafuta wa kwetu mwezi wa kumi mwaka huu. Ni mtu mzima sasa, yuko Mwanza, ana kazi yake. Kwa mila yetu, aliyekosa haendi na maneno matupu. Hupeleka isale, lile jani refu la kijani tunalolipanda mipakani na makaburini, na hulipeleka kwa mkono wa mtu wa kati. Anayepelekewa isale haruhusiwi kukataa kusamehe. Hapo nilisita. Sikutaka kumfunga kwa mila ya ukoo uliomkataa. Nilikata shina la isale lenye majani yake karibu na kaburi la baba, nikampa mdogo wangu aliyekuwa anapanda Mwanza, nikamwambia: mpe, na mwambie halimlazimishi kitu.

Aliporudi alinisimulia. Binti hakujua ni mti gani. Amekulia mbali, hakuna aliyemfundisha. Ilibidi baba yake mdogo akae naye mezani amweleze isale ni nini, nani amelituma na kwa sababu gani. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu, kama likipandwa litashika. Akaambiwa litashika, shina la isale halifi kirahisi. Akalitia kwenye kopo la maji dirishani.

Nimempigia mara mbili. Hajasema atakuja. Anasema ataangalia zamu zake kazini, shangazi. Simsukumi. Kreti za soda mwaka huu zitakaa barazani, zikiibiwa zitaibiwa. Nimekata tiketi ya tarehe 18, wengine watanifuata tarehe 22. Natangulia nikaanike godoro.